Nasaha za Nyumbani: Kununua Kitu kwa Sifa za Kesho



Ndugu Waislamu, kina baba, kina mama na vijana wetu, nasaha ya mwezi huu ni juu ya jambo ambalo wazee wengi watalidharau mara walisikiapo jina lake. Ni juu ya mitambo ya michezo ya televisheni, ambayo vijana huiita gemu, na khasa juu ya vifaa vya nyongeza ambavyo huuzwa peke yake, au huahidiwa kwamba vitauzwa baadaye, ili kuuzidishia mtambo uwezo ambao haukuzaliwa nao. Nawaomba msiufunge ukurasa. Ndani ya jambo hili dogo zimo fedha za nyumba, yamo maneno ya sokoni, na umo udugu uwezao kukatika.

Hapa Mwanza, ukipita Kirumba, Mabatini, Nyakato au Igoma baada ya alasiri, hukosi kuona banda lenye televisheni mbili tatu, na vijana wameketi juu ya mabenchi, pedi mikononi, wakicheza mpira wa kwenye kioo kwa malipo. Ukisimama kidogo utasikia kwamba mazungumzo yao si ya mchezo ulio mbele yao tu. Huzungumza yajayo: mtambo mpya utakuwa hivi, kifaa fulani kitakapotoka kitafanya vile. Huyasema hayo kwa yakini, kama mvuvi wa dagaa ahesabuye siku za giza. Lakini mvuvi ana ushahidi, kwa kuwa mwezi haujapata kuvunja miadi yake. Ama habari za mitambo, aghlabu ni za mtu aliyesikia kwa mtu.

Yafaa kwanza tuelewane, kwani si kila msomaji amepata kuvishika vitu hivi. Mtambo wenyewe ni kisanduku kinachounganishwa na televisheni. Kifaa cha nyongeza ni mfano wa mashine inayofungwa nyuma ya mtumbwi. Mashine ni neema kubwa kwa mvuvi wa Ukerewe. Lakini mashine bila ya mtumbwi haivui samaki, wala si kila mtumbwi una nyuma ya kufungia mashine. Mtumbwi uliochongoka mbele na nyuma hauipokei nyuma mpaka fundi autengeneze. Kwa hiyo mwenye akili hatosheki kuambiwa kwamba mashine ni nzuri. Huuliza pia: je, itaukubali mtumbwi wangu?

Sasa nitaeleza kisa kilichotokea katika mji wetu, bila ya kutaja jina la mtu, maana makusudio ni mafunzo wala si kuaibishana.

Vijana wawili, watoto wa ndugu wawili, waliweka akiba katika biashara yao ya kuchuuza dagaa kutoka Mwaloni, wakaazimia kufungua banda la gemu. Mmoja alikuwa na fungu lake kamili. Wa pili alipungukiwa, akamwendea mama yake, naye mama akampa fedha zake za upatu kwa sharti kwamba zitarudi kabla ya zamu ya mwenziwe kufika. Mwanzoni mwa mwaka 2023 vijana hao wakamwendea muuzaji mmoja, akawaonyesha mtambo wa PlayStation 5 uliokwisha tumika, wa ile aina isiyosoma diski.

Mtambo huo ulitoka Novemba 2020 kwa aina mbili. Wenye mahali pa kutia diski uliuzwa Marekani kwa dola 499.99, na usiosoma diski kwa dola 399.99. Kwa aina hii ya pili kila mchezo hununuliwa na kushushwa kwa intaneti, na mchezo mmoja huweza kula makumi ya gigabaiti. Kwa mtu wa kwetu anunuaye intaneti kwa vifurushi, huo ni mzigo mzito. Tena mwenye banda huishi kwa diski: huazima kwa jirani, hununua iliyotumika, na akiichoka huiuza. Mtambo usiosoma diski humfungia mlango huo.

Vijana wale walilijua hilo, wakasita. Muuzaji akawatuliza, akasema kwamba kipande cha kusomea diski kinakuja mwaka huu huu, kitachomekwa ubavuni, na yeye atawaletea. Wakatoa thamani yote ya mtambo, wakaongeza na arubuni ya kipande ambacho si wao wala muuzaji aliyepata kukiona kwa macho.

Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa. Habari ile haikuwa uwongo mtupu. Tangu Septemba 2022 ulikwisha enea uvumi duniani kwamba kampuni ya Sony inatengeneza PlayStation 5 mpya, ambayo kisomea diski chake kitaweza kuvuliwa na kuvikwa. Na kweli, Oktoba 2023 Sony ilitangaza habari hiyo, na Novemba mtambo mpya ukaanza kuuzwa, na kipande chake peke yake kikawa dola 79.99. Lakini kipande hicho kilifanywa kwa mwili wa mtambo mpya. Ule wa mwaka 2020 usiosoma diski hauna mahali pa kukivika. Basi uvumi ulikuwa kweli kwa mtambo ambao vijana wetu hawakuwa nao, na batili kwa mtambo waliokwisha kuulipia. Nusu ya habari ikawaponza kuliko uwongo kamili, kwa kuwa uwongo kamili wangeweza kuushuku.

Na hata aliyeununua ule mtambo mpya alikuwa na hesabu ya kufanya, nayo ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Usio na kisomea diski uliuzwa Marekani kwa dola 449.99, ongeza kipande cha dola 79.99, jumla ni dola 529.98. Uliokuja na kisomea diski chake ulikuwa dola 499.99. Aliyedhani amebana fedha kwa kununua nusu nusu, alizidisha karibu dola 30. Tena siku ya kukivika kipande hicho kwa mara ya kwanza, sharti mtambo uunganishwe na intaneti ndipo ukikubali.

Wale vijana wakangoja mpaka mwisho wa mwaka, na kipande kilipotoka wakajua kwamba hakiwafai. Kila mmoja akamlaumu mwenziwe: huyu akisema, "Wewe ndiwe uliyemsadiki," na yule akisema, "Wewe ndiwe uliyekuwa na haraka." Zamu ya upatu ikafika, na fedha za mama hazipo. Watoto waliolelewa katika ua mmoja wakawa hawasemezani.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Mwanza tu, au kwamba vijana wetu ni wajinga kuliko wengine. Watu wa nchi tajiri wameyapata kabla yetu, mara nyingi, na yafaa tujifunze kwao.

Nyongeza nyingine huahidiwa zisije kabisa. Mwaka 1988 Sony na Nintendo, kampuni mbili za Japani, zilipatana kutengeneza kifaa cha kusomea diski za CD kwa ajili ya mtambo wa Nintendo. Juni 1991, katika maonyesho ya Chicago, Sony ikayatangaza; na siku ya pili yake Nintendo ikatangaza kwamba itashirikiana na Philips ya Uholanzi. Kifaa kile hakikuuzwa kamwe. Sony ikashika njia yake peke yake, na tarehe 3 Disemba 1994 ikauza Japani mtambo wake wa kwanza, PlayStation. Basi jina hilo, ambalo vijana wetu hulitaja usiku na mchana, chanzo chake ni nyongeza iliyoahidiwa ikafa kabla ya kuzaliwa.

Nyingine huja, lakini hukawia mpaka haja imekwisha. Mtambo wa Nintendo 64 ulitoka mwaka 1996, na mwaka huo huo watu wakaonyeshwa nyongeza yake ya kusomea diski iliyoitwa 64DD. Iliuzwa Disemba 1999, Japani peke yake, na Februari 2001 ikafungwa, michezo yake ikiwa kiasi cha diski kumi tu. Mtoto aliyeahidiwa akiwa na miaka minane, alikuwa wa miaka kumi na mmoja ilipotoka.

Nyingine huja bila ya zile sifa zilizowapendeza watu. Juni 2009 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilionyesha jicho la kamera la kuwekwa pamoja na mtambo wake wa Xbox 360, ili mtu acheze kwa mwili wake bila ya kushika pedi. Watu wakaonyeshwa mtoto wa picha, aitwaye Milo, akizungumza na mtu na kumwelewa kama binadamu mwenziwe. Kifaa kilitoka Novemba 2010 kwa jina la Kinect, kwa dola 149.99, na katika siku 60 za mwanzo zikauzwa milioni 8. Lakini Milo hakuuzwa kamwe. Tena aliyekinunua alihitaji kusimama mbali na kamera kiasi cha mita 1.8 akiwa peke yake, na mita 2.4 wakiwa wawili. Mtu wa vyumba vyetu vya milimani, baina ya majabali, sebule yake yote ni mita ngapi? Na kiliposifiwa kwamba kinasikia maneno, Kiswahili hakikuwamo katika lugha zake. Mwaka 2017 kikaacha kutengenezwa.

Na nyingine huja na sifa zake zote, zisipate wenzi. Tarehe 22 Februari 2023 Sony iliuza miwani ya kuvaa usoni iitwayo PlayStation VR2. Sifa zilizotangazwa zote zilikuwamo: kamera zake, mtetemo wake kichwani, na uwezo wa kufuata macho ya mtu yanakotazama. Bei yake ilikuwa dola 549.99, nyongeza ikapita thamani ya mtambo wenyewe. Lakini michezo ya miwani ya kwanza, iliyotoka mwaka 2016, haikuingia katika miwani hii mpaka watengenezaji waifanye upya. Februari 2024 Sony ikatangaza kuifunga karakana yake ya London, iliyokuwa ikitengeneza michezo ya miwani. Machi 2025 bei ikateremshwa hadi dola 399.99. Aliyesubiri miaka miwili alibakiza dola 150 mfukoni, tena alikwisha kujua anachokinunua.

Ndugu zangu, dini yetu haikutuacha gizani katika mambo haya. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alikataza biashara ya gharari, yaani biashara ambayo kitu chake hakijulikani, au haijulikani kama kitapatikana. Wanazuoni hutoa mfano wa samaki aliye bado majini. Sisi watu wa ziwani mfano huu hatuhitaji kutafsiriwa! Hakuna mtu wa Mwaloni atakayelipia sangara ambaye bado anaogelea kule Ukara. Mbona basi twalipia sifa ya kifaa ambacho bado ki katika vinywa vya watu?

Pamoja na hayo, sheria haikufunga mlango wa kulipa mbele. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya msimu wake, akawaruhusu kwa masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salamu, iliyo mashuhuri katika vitabu vya fikihi, na bei yake hulipwa kamili pale pale penye mapatano. Yapimeni maneno ya muuzaji wetu kwa mizani hiyo. Je, alijua sifa za kipande? Hakuzijua. Alijua siku ya kufika? Alisema "mwaka huu". Alilipwa kamili? Alipokea arubuni. Na juu ya arubuni, Maimamu wetu wa Shafii, pamoja na wa Maliki na wa Hanafi, hawaruhusu muuzaji aile pale biashara inapovunjika. Walioiruhusu ni wa Hanbali.

Kwa upande wa muuzaji, na akumbuke khabari ya yule mtu wa sokoni Madina, ambaye Mtume (s.a.w.) aliutia mkono katika chungu ya chakula chake akakuta unyevu umefichwa chini na ukavu umewekwa juu, akamkemea kwa ukali. Hapa kwetu twalijua gunia la dagaa lenye wakavu mdomoni na mchanga kitakoni. Kusema "kipande kinakuja" na kunyamaza juu ya mtambo gani kitakachoukubali, ni kuweka ukavu juu na unyevu chini.

Walakini mnunuzi naye hana ruhusa ya kulala. Vijana wale walijua kwamba mtambo haukusoma diski. Walichokinunua hasa ni tumaini. Mwanadamu akitamani kitu huwa wakili wa yule anayemuuzia, akajijibia mwenyewe maswali ambayo ilimpasa muuzaji ayajibu.

Mimi ni mwalimu wa madrasa wala si mufti. Nimeitwa katika shauri hili kwa kuwa wote wawili walisoma mbele yangu. Tulipokaa na wazee wa pande zote, mkubwa wao akaniambia, "Maalim, mimi nataka fedha za mama tu, mtambo na auchukue." Nikamwambia, "Mwanangu, mtambo uliuona ukaukubali, na hilo ni juu yako. Lakini arubuni ni ya kitu kisichokuwapo, na hilo ni juu yake." Muuzaji, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakushindana. Alirudisha arubuni yote, na ikaenda kwa mama siku ile ile. Kisha kwa sulhu akakubali kuupokea mtambo ule na kuwapa badala yake wa zamani zaidi, PlayStation 4 yenye kusoma diski, na tofauti ya thamani akawalipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Banda limefunguliwa. Si mtambo waliouota, lakini unafanya leo kile walichokihitaji leo.

Kwa kina baba na kina mama, nina neno lingine. Kifaa cha nyongeza chenye kamera na chenye kusikia sauti si mgeni wa kuingizwa ndani bila ya kuulizwa. Microsoft ilipotangaza mtambo wake wa Xbox One mwaka 2013, ilisema kwanza kwamba Kinect lazima iunganishwe nao ndipo ufanye kazi, na kifaa hicho kilikuwa kikisikiliza hata mtambo ulalapo, kikingojea kuitwa. Watu wakalalamika, kabla ya mtambo kuuzwa sharti hilo likaondolewa, na Juni 2014 ukaanza kuuzwa pasipo Kinect, kwa bei pungufu ya dola 100. Sisi tumefundishwa kubisha hodi na kungoja idhini hata mbele ya nyumba za jamaa zetu, na tumekatazwa upelelezi. Basi mama wa nyumba, ambaye hujifunua kichwa sebuleni kwake kwa kuwa hapana ajinabi, anayo haki ya kuuliza: jicho hili linatazama wapi, na hufungwaje?

Wala sisemi kwamba mchezo wote ni haramu. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini. Mchezo usiopoteza sala, usiokula wakati wa chuo, na usiowekewa dau, una nafasi yake. Dau ndilo la kuchungwa sana katika mabanda yetu, kwani vijana wawili wakiwekeana fedha ili mshindi azichukue, hiyo ni kamari, hata mpira ukiwa ni wa kwenye kioo.

Basi mwanangu, siku utakapoambiwa juu ya kifaa kijacho na sifa zake, uliza mambo manne kabla ya kufungua mkoba. La kwanza: kinaukubali mtambo huu nilio nao, kwa jina lake na mwaka wake? La pili: kimekwisha kuuzwa mahali, au kimeahidiwa tu? La tatu: kisipokuja kabisa, je, nilichokilipia leo kitanitosha? La nne: fedha hii ni yangu, au ni amana ya mtu mwingine? Ukikosa jibu katika moja, ngoja. Kungoja hakuna gharama, na pengine bei huteremka.

Nawe mzazi, mtoto akija nyumbani na habari hizi usimfukuze kwa kumwambia kwamba ni upuuzi. Keti naye, mpe karatasi na kalamu, mfanye hesabu pamoja, mpaka ajue mwenyewe yupi anamweleza kitu na yupi anamweleza ndoto. Kijana aliyezoea kuuliza maswali haya juu ya gemu leo, atayauliza kesho atakaponunua kiwanja, na atakapoposa.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, ndimi za kweli katika masoko yetu, na mioyo yenye kutosheka. Amin.